Betri ya droni mpya haikai sawasawa: jua kwanza inagusa wapi, msasa uweke chini

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nimenunua droni mpya, DJI Mini 4 Pro, kwa ajili ya picha za harusi hapa Tanga. Betri iliyokuja nayo inaingia vizuri. Nikaongeza mbili. Moja ni ya Mini 3 Pro, nimeinunua kwa mpiga picha mwenzangu aliyekuwa akiitumia. Inaingia, lakini mpaka niisukume kwa kiganja, na kuitoa ni kazi. Nyingine ni mpya, ya bei nafuu, haina jina la DJI. Upande wa kulia unalia "tak", wa kushoto unabaki na uwazi unaopitisha kadi ya benki. Droni inawaka nayo, ila kuna siku inagoma. Fundi wa simu amesema atapitisha msasa kidogo pembeni, au niifunge kwa tepu. Nina harusi Jumamosi. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu, usipige msasa, usifunge tepu, na Jumamosi ruka na betri iliyokuja na droni peke yake. Hizo mbili za kuongeza zina matatizo tofauti kabisa, ingawa kwa mkono yote mawili unayahisi kama "haikai". Ya kwanza ina dalili za kuvimba. Ya pili, kwa maelezo yako, ganda lake halikutengenezwa kwa vipimo sahihi. Hakuna hata moja inayoponywa na msasa, na nitakueleza namna ya kulithibitisha hilo mwenyewe mezani kwako bila kufungua kitu.

Tuanze na jinsi betri inavyoshikwa, maana hapo ndipo uzito wa jambo ulipo. Kwenye Mini 3, Mini 3 Pro na Mini 4 Pro, betri inateleza kutoka nyuma, na mgongo wake ndio unaokuwa mkia wa droni. Mavic Mini na Mini 2 zilikuwa na kifuniko cha kufunga nyuma ya betri. Hizi zako hazina. Kinachozuia betri isirudi nyuma ni vikomeo viwili vya pembeni tu, kile cha kulia na kile cha kushoto. Kimoja kisipofunga, betri inashikwa upande mmoja huku mota nne zikiitikisa muda wote droni ikiwa hewani.

Mwisho wa chumba cha betri kuna meno ya rangi ya dhahabu. Mengine yanapitisha umeme mkubwa wa kuendesha mota, mengine yanapitisha mawasiliano kati ya bodi iliyo ndani ya betri na bodi ya droni: kiasi cha chaji kilichobaki, joto, volti ya kila seli. Betri ikiwa imekaa mshazari, meno yanagusana nusunusu. Ndiyo maana siku moja droni inawaka na siku nyingine inagoma. Siku inayogoma inakufanyia hisani. Siku ya kuogopa ni ile inayowaka.

Piga hesabu hii ndogo. Betri ya Mini 4 Pro ina wati-saa 18.96 (jumla ya nishati inayobeba), na kampuni inataja muda wa kuruka wa hadi dakika 34 katika hali nzuri kabisa. Hiyo ni wastani wa wati 33 hivi, na kwa volti 7.3 ni karibu ampia 4.5. Upepo wa ghafla ukipiga, au ukipandisha droni kwa kasi, ampia zinapanda juu zaidi. Sasa chukulia mguso mbaya umeongeza ukinzani, yaani kizuizi kwa umeme, wa omu 0.05 tu. Kwenye ampia 5, hapo panazaliwa joto la wati 1.25, na kwenye ampia 10 ni wati 5, yote kwenye eneo dogo kuliko punje ya mchele. Tena kwenye ampia hizo 10 unapoteza nusu volti kabla umeme haujafika kwenye mota. Jino likipata moto, chuma chake kinalegea na uso wake unaungua, ukinzani unaongezeka, na joto nalo linaongezeka. Mwisho wake ni droni kuzimika angani, na droni ya mapanga manne ikizimika haielei, inaanguka.

Jambo hili limewahi kuangusha bidhaa nzima. GoPro walianza kuuza droni yao ya Karma tarehe 23 Oktoba 2016. Tarehe 8 Novemba mwaka huohuo wakarudisha zote zilizouzwa, kama 2,500, kwa sababu baadhi zilikuwa zikipoteza umeme zikiwa zinaruka. Iliporudi sokoni Februari 2017 ilikuwa na komeo la betri lililobuniwa upya. Kama kampuni yenye wahandisi wake ililazimika kubadilisha komeo, basi tepu haiwezi kuwa jibu kwetu.

Watu wanaotetea tepu huwa wanatoa mfano wa droni za mashindano, ambazo betri yake inafungwa kwa mkanda na hakuna neno. Mfano huo haufai hapa. Zile betri zinaunganishwa kwa waya na plagi inayobana yenyewe. Mkanda unabeba uzito wa betri tu, mguso wa umeme hautegemei mkanda. Kwako, mahali betri ilipokaa ndipo mguso ulipo. Tepu inavutika, gundi yake inalainika kwa joto, na inaficha ule uwazi ambao macho yako yalipaswa kuuona kabla ya kila safari.

Sasa betri ya Mini 3 Pro. Kwa aina, hukukosea. Betri za Mini 3 na Mini 3 Pro zinakubalika kwenye Mini 4 Pro, kwa umbo na kwa mawasiliano. Tofauti iko kwenye lebo: ya Mini 3 Pro imeandikwa 2453 mAh (miliampia-saa, kipimo cha chaji inayobeba), volti 7.38, wati-saa 18.1, na ina uzito wa gramu 80.5 hivi. Ya Mini 4 Pro ni 2590 mAh, volti 7.32, gramu 77.9 hivi. Ukiweka ya zamani, droni inavuka gramu 250 kidogo. Hilo utalijali ukisafiri nayo Ulaya au Marekani, ambako mstari wa gramu 250 una maana kisheria. Kwa kukaa kwenye chumba, zote zinapaswa kuteleza sawasawa. Kwa hiyo ikibana, kuna kilichoongezeka kwenye betri yenyewe.

Kwanza angalia kama mwenye betri alibandika stika ya namba au jina lake. Stika moja ya plastiki kila upande inatosha kabisa kufanya betri ikwaruze, maana nafasi kati ya betri na kuta za chumba ni ndogo mno. Ibandue, safisha gundi kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, kausha, jaribu tena. Kama tatizo lilikuwa hilo, umemaliza.

Kama hakuna stika, pima uvimbe. Laza betri juu ya kioo, kila upande mpana kwa zamu, na bonyeza pembe moja baada ya nyingine kwa kidole. Betri nzima inatulia. Iliyovimba inabembea, au ukimulika tochi kwa nyuma unaona mwanga unapita chini ya kingo huku katikati pakigusa kioo. Halafu tafuta venia, kile kipimo cha unene chenye taya mbili. Fundi chuma au fundi wa saa anayo. Pima unene mahali palepale kwenye betri zote mbili, hii na ile iliyokuja na droni: mbele, katikati na nyuma. Usilinganishe katikati na pembeni ya betri moja, kwa sababu ganda lenyewe lina mapindo yake. Linganisha katikati kwa katikati. Tofauti ya nusu milimita pale katikati, kwangu mimi, inatosha kuitoa betri kazini moja kwa moja. Na tumia taya za plastiki kama zipo. Za chuma zikae mbali na meno ya umeme, zisije zikayaunganisha ukapiga shoti.

Uvimbe ni gesi. Ndani ya betri mna seli mbili, na kimiminika kilichomo kinapochakaa kinatoa gesi isiyo na pa kwenda. Vinavyoharakisha hali hiyo ni joto, kukaa muda mrefu na chaji ya asilimia 100, na kuachwa miezi mingi ikiwa imeisha kabisa. Betri hizi zina akili ya kujipunguza chaji zenyewe, hadi karibu asilimia 60 baada ya siku tisa za kukaa bure, lakini akili hiyo haiisaidii betri iliyofungiwa kwenye gari lililoegeshwa juani, wala inayochajiwa kila jioni "iwe tayari" halafu hairuki. Betri ya mtumba hujui ilikaa wapi. Hata programu ya simu ikikuonyesha kwamba imechajiwa mara chache, idadi hiyo haisemi ilikaa kwenye joto gani.

Ukithibitisha imevimba, usiichaji tena hata mara moja, usiibonyeze irudi, usiitoboe. Iweke kwenye debe la chuma lenye mchanga mkavu, nje ya nyumba, mbali na vitu vya kuwaka, kisha ipeleke kwa wanaopokea taka za kielektroniki. Usiitupe jalalani. Jalala linachomwa, na kuna watoto wanaookota. Hapa pia ndipo ninapopinga msasa kwa nguvu zote. Ganda la betri hii ni plastiki nyembamba, na seli zilizo ndani zimevikwa mfuko laini tu, hazina kopo la chuma. Ukipunguza ganda linalosukumwa kutoka ndani, unadhoofisha kitu pekee kilichobaki kuzizuia.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu betri hiyo uliyoisukuma kwa kiganja. Betri iliyovimba ikilazimishwa inaweza kupanua kuta za chumba cha droni au kukwaruza reli zake. Kwa hiyo ukishaitoa, rudisha ile ya asili na usikilize. Vikomeo vyote viwili vilie, na betri isicheze kulia na kushoto kuliko ulivyoizoea. Ikianza kucheza, shida sasa imehamia kwenye droni, na hapo ni kazi ya fundi wa droni mwenye ganda la kubadilisha.

Tuje kwenye ile ya bei nafuu. Soma lebo yake ukiwa na kikokotoo. Zidisha volti kwa mAh, gawa kwa 1000, jibu liwe sawa na wati-saa zilizoandikwa. Kwenye ile ya asili, 7.32 mara 2590 gawa 1000 ni 18.96, inalingana. Lebo nyingi za kughushi zinaanguka hapohapo. Halafu ipime kwenye mizani ya jikoni ya kidijitali. Betri ya asili inatoa kama wati-saa 243 kwa kila kilo. Mtu akikuuzia betri ya umbo hilohilo iliyoandikwa 5000 mAh na ina uzito wa gramu 80, anadai wati-saa zaidi ya 450 kwa kilo, na seli ya aina hiyo haiuzwi madukani. Ipo ya asili yenye uwezo mkubwa, ile inayoitwa Plus, ya 3850 mAh, na uzito wake unaendana na madai: gramu 121 hivi.

Baada ya lebo, tafuta inapogusa. Chukua kalamu ya ubao mweupe, ile inayofutika, upake rangi nyembamba kwenye kingo zote za betri, juu, chini na pembeni, ila usiguse meno ya umeme. Acha ikauke kwa dakika mbili. Ingiza betri taratibu mpaka inapogoma, itoe, kisha tazama rangi imefutika wapi. Ikifutika mstari mwembamba kwenye ukingo mmoja, huenda ni ukucha wa plastiki uliobaki pale moldi mbili zilipokutana kiwandani. Ikifutika kona ya mbele upande wa kushoto tu, ganda limepinda au kichwa cha meno kimewekwa mshazari. Ikiwa rangi haikufutika popote na bado komeo la kushoto halifungi, basi kinachogoma ni komeo lenyewe: libonyeze kwa kidole betri ikiwa nje, liachie, ulinganishe na la kulia. Springi nzima inarudi kwa kasi ileile pande zote mbili.

Najua ukiona ule ukucha wa plastiki mkono utakuwasha. Kwenye kitu kingine ningekuambia ukwangue. Kwa betri hii sikushauri, kwa sababu uwazi wako unapitisha kadi ya benki, na kadi ya benki ina unene wa milimita 0.76. Hiyo si tofauti ya ukucha. Sehemu nzima imekaa pasipo pake, na ukiifanya iingie kwa kukwangua, meno yatakutana yakiwa yamepishana. Tena ukishaikwangua, duka halitaipokea. Irudishe kama ilivyo.

Kabla ya kuilaumu, kagua pia chumba cha droni, ukiwa na tochi na betri ikiwa nje. Droni mpya mara nyingine inabaki na kipande cha nailoni ya kufungashia au stika ya maelekezo iliyojikunja ndani. Wewe uko Tanga, kwa hiyo angalia na punje za mchanga kwenye reli, na rangi ya kijani au nyeupe kwenye meno. Hiyo ni chumvi ya bahari imeanza kula. Toa mchanga kwa pampu ya mpira ya kusafishia lenzi. Usipulize kwa mdomo, mate yana maji. Meno yenye uchafu yapitishe kijiti cha pamba chenye spiriti ya isopropili ya asilimia 99, mara moja au mbili, kisha subiri dakika 15 kabla ya kurudisha betri. Usitumie petroli, usitumie mafuta ya kulainisha kufuli, usikwangue kwa bisibisi. Jino likiwa limepinda, usilinyooshe kwa koleo. Likikatika, utabadilisha bodi. Kwa kuwa betri yako ya asili inaingia bila shida, nategemea utakuta chumba kizima, lakini ni dakika tano tu za kukagua.

Betri yoyote utakayonunua badala ya hizi, ipitishe hatua zifuatazo kabla haijaona anga. Ichaji kwanza mpaka ijae, kwa sababu betri mpya ya DJI inakuja ikiwa imelazwa usingizini na haiwaki mpaka ichajiwe mara ya kwanza. Wengi hudhani ni mbovu au haijakaa vizuri. Iingize kwa vidole viwili, bila kiganja. Usikie milio miwili au mmoja uliounganika, halafu jaribu kuingiza ukucha pande zote mbili za mshono, usipite. Ivute nyuma bila kubonyeza vikomeo, isisogee. Vua mapanga, washa droni, uitikise betri polepole kulia, kushoto, juu na chini huku ukitazama simu. Picha ikikatika au ujumbe wowote wa betri ukitokea hata kwa sekunde moja, betri hiyo hairuki. Fungua ukurasa wa betri uangalie volti za seli mbili. Zipishane chini ya volti 0.05 ikiwa imejaa. Zikipishana 0.1, irudishe dukani.

Ikipita hapo, rudisha mapanga, pandisha droni mita moja na nusu juu ya nyasi, iache ielee dakika tano. Ishushe, izime, toa betri mara moja uguse eneo la meno kwa mgongo wa kidole. Betri nzima itakuwa na uvuguvugu, hilo ni kawaida. Sehemu ya meno ikiwa na moto kuliko mwili wa betri, kuna mguso mbaya. Rudia kipimo cha ukucha pia, kwa sababu kuna vikomeo vinavyofunga betri ikiwa baridi na kuachia baada ya mtikisiko.

Unaporudisha ile ya bei nafuu, piga video moja isiyokatwa: namba ya betri, inavyoingia, uwazi ulivyo, kadi inavyopita, kisha betri ya asili ikiingia kwenye droni ileile bila uwazi. Hiyo ya mwisho ndiyo inayomaliza ubishi dukani, maana inaondoa kisingizio kwamba droni yako ndiyo mbovu. Kama duka liko Dar es Salaam na unaituma kwa basi, mweleze karani kwamba ni betri, funika meno kwa tepu ya umeme, na iwe na chaji ya kama asilimia 30, isiwe imejaa. Ukisafiri nayo mwenyewe kwa ndege, betri za akiba zilizo chini ya wati-saa 100 zinakaa kwenye begi la mkononi, kamwe si kwenye mzigo unaokabidhi. Iliyovimba haipandi ndege kabisa.

Jumamosi, betri moja inatosha ukipanga. Usihesabu dakika 34. Kwa upepo wa pwani na kushuka ukiwa na asilimia 25 mkononi, hesabu kama 20 za kazi. Zigawe mara tatu: ukumbi na mazingira kabla watu hawajajaa, msafara unapoingia, na picha ya pamoja nje kabla jua halijazama. Kati ya vipindi hivyo itoe betri, ipoe kivulini kwanza, kisha uichaji. Haipaswi kuchajiwa ikiwa na joto zaidi ya nyuzi 40. Kwa chaja ya wati 30, kutoka sifuri hadi kujaa ni dakika 60 hadi 70. Ukiiweka kwenye chaja wakati wa nasaha na chakula, kwenye picha ya pamoja itakuwa imejaa tena.